Sheria ya Bwana Kijivu

Wacuka hakuwahi kumaliza kusoma kitabu cha mtu mwingine, na hilo hakulionea haya hata kidogo. Akifika katikati, pale mambo yanapochacha, hukifunga, akakitupa juu ya kabati na kuanza kujitungia mwisho wake mwenyewe huku akichambua mchele au akingoja basi la Industrial Area, alikokuwa mpiga taipu katika kiwanda cha sabuni. Mwisho wa mwenzake, alisema, humziba akili. Majirani zake wa mtaa wa Umoja, waliosikia taipureta ikilia kila alfajiri kabla hajaenda kazini, walikuwa na maneno yao: mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto, anaamka gizani kugonga mashine! Ana lake jambo.

Mtu aliyeudhika hasa na tabia hiyo alikuwa Mursal, muuza vitabu vikuukuu wa soko la Gikomba, kwa sababu vitabu vyenyewe vilitoka kwake. Mursal alisoma kila kitu mpaka mwisho. Alisoma hata jina la mchapishaji, sanduku la posta na bei, kisha ndipo akafunga. Alikaa Umoja vilevile, nyumba chache kutoka kwa Wacuka, pamoja na mkewe Fowsiya, na kila mtu alimjua kwa mbali. Kifua chake kilikuwa kibovu, kwa hiyo jua liwake lisiwake alivaa koti zito la kijivu la mitumba, akabeba chupa nyekundu ya chai ya tangawizi, akapita akikohoa na kuwagawia watoto peremende.

"Dada Wacuka," alikuwa akimwambia, "wewe unakunywa mchuzi, nyama unamwachia paka."

Kwa miaka mingi Wacuka aliandika hadithi za majoka na za miji iliyozama ziwani, na wachapishaji walizirudisha wakimshukuru kwa adabu. Mmoja alimshauri aandike juu ya ndoa. Hapo ndipo alipokasirika na kuandika juu ya mumiani. Eastlands yote, mitaa ya mashariki ya jiji, ililelewa na mumiani, yule mnyonya damu ambaye mama humtaja mtoto anapochelewa kuingia ndani. Watu wazima wenye kazi na risiti za kodi walicheka akitajwa mchana, ila wakisikia mtoto amepotea hawakucheka tena. Lakini mumiani wa akina mama hakuwa na sura. Wacuka alitaka kumpa sura, na mwandishi akitaka sura huchukua iliyo karibu. Alichukua koti la kijivu. Alichukua kikohozi na peremende, na ile chupa nyekundu, ila ndani yake akatia damu mahali pa chai. Akampa jina, Bwana Kijivu.

Hakumficha Mursal. Alimpelekea kurasa Gikomba, akasimama mbele yake kama mshtakiwa huku maseremala wa jirani wakipiga misumari. Mursal alisoma akiwa ameketi juu ya gunia la vitabu. Akacheka hadi kifua kikamshika.

"Yaani huyu ni mimi?"

"Ni koti lako tu, bwana Mursal. Ukitaka nilitoe, nalitoa leo."

"Uliache! Tangu nizaliwe sijawahi kuogopwa na mtu. Hata Fowsiya haniogopi." Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena, na safari hii uso ulikunjamana. "Lakini kuna shimo hapa. Bwana Kijivu anakaa na watu, ananyonya watu, na watu wana macho. Mbona hawamshiki? Jini asiye na sheria ni moshi tu, dada. Mpe sheria."

"Sheria gani?"

Mursal alijimiminia chai, akafikiri. "Kila aliyenyonywa anamtetea. Anasimama mbele ya umati anaapa kwamba Bwana Kijivu ni mtu mwema, na mwenyewe hajui kwamba anasema uongo. Sasa nani atamshika?"

Wacuka alisisimkwa mwili mzima. Hakungoja hata kuaga vizuri. Sheria hiyo ndiyo iliyokibeba kitabu, na ndiyo iliyomtesa, maana shujaa wake, mama mmoja muuza mboga, alinyonywa katika sura ya tisa na kuanza kumtetea adui yake, na Wacuka akakosa njia ya kumtoa. Alihangaika naye miezi. Mwishowe akaandika kwamba aliyenyonywa hufunguka pale tu anapomtemea Bwana Kijivu mate usoni, watu wakiona. Mursal aliposoma alitikisa kichwa. "Chafu," alisema, "lakini tamu. Angalau mara hii umemaliza kitabu."

Kilitoka mwaka wa themanini na moja, kwa mchapishaji mdogo wa mjini, karatasi mbovu, gundi ya kubahatisha. Mchoraji wa jalada alichora alichokisoma: mtu mrefu, koti la kijivu, chupa nyekundu mkononi. Kiliuzwa Umoja kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mwandishi alikuwa wa hapo hapo. Gichuru kinyozi alikuwa akikisoma kwa sauti kibandani kwake, mteja mmoja chini ya wembe na wengine kumi benchini wasiokuja kunyolewa, na akifika sura ya tisa alishusha sauti kama mhubiri. Wacuka alipopita alipunguza mwendo asikie. Hakuna raha aliyowahi kuipata maishani iliyoshinda kusikia sentensi zake zikitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Watoto walianza kumkimbia Mursal wakicheka. Baada ya muda walimkimbia bila kucheka. Dukani, wanawake walimsogelea mwenye duka na kumwachia Fowsiya nafasi kubwa asiyoihitaji. Fowsiya alisema Kiswahili vizuri lakini hakujua kusoma, na alipomuuliza mumewe kitabu hicho kina nini, Mursal alimwambia atamsomea wakipata nafasi. Wacuka aliona yote haya. Alimwomba Mursal aliache lile koti nyumbani kwa muda.

"Na kifua changu nikiache wapi?" Mursal alimjibu.

Wacuka angeweza kwenda kwa Gichuru akawaambia watu wazi kwamba koti ni la mtu na hadithi ni hadithi. Siku mbili tatu alifika mpaka mlangoni. Kila mara alimkuta Gichuru katikati ya ukurasa mzuri, akasikiliza, akarudi nyumbani.

Basi Jumamosi moja binti wa Aoko akapotea. Aoko alikuwa jirani wa Wacuka wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwema wa kuombana chumvi, na mtoto wake, Awino, alikuwa bado hajaanza shule. Asubuhi alikuwa akicheza nje, na kufika saa sita hakuonekana. Aoko alizunguka nyumba hadi nyumba akiita, na kila nyumba aliyopita ilitoa watu wa kumfuata, mpaka barabara ikajaa.

Na Mursal akatokea mwisho wa barabara hiyo, akirudi kutoka Gikomba, koti mwilini, chupa mkononi, gunia zito begani.

"Hiyo gunia iko na nini?" mtu akauliza.

"Vitabu," Mursal alisema. "Itakuwa na nini kingine?"

Walilivuta na vitabu vikamwagika, lakini vitabu havikumtuliza mtu. Kijana mmoja alimpokonya chupa, akaifungua na kuimwaga. Ilikuwa chai ya rangi, isiyo na maziwa, na chini pale vumbini ilienea nyekundu. Mwanamke alipiga ukemi. Jiwe la kwanza lilimpata Mursal mgongoni.

Wacuka alikuwa anafua. Alisikia jina la Bwana Kijivu likipigiwa kelele na akajua papo hapo, kabla hajaona lolote. Alikimbia na sabuni mikononi, akapenya umati kwa viwiko, akasimama mbele ya Mursal aliyekuwa amepiga magoti.

"Mwacheni! Mnanijua mimi, mimi ndiye niliyeandika! Ni uongo! Nilibuni yote! Huyu ni Mursal, mtu mwema, hajamgusa mtoto wa mtu!"

Wengine walishusha mikono. Wacuka alivuta pumzi, akaamini kwamba imekwisha.

"Sura ya tisa," akasema Gichuru kinyozi. Hakupaza sauti. Hakuwa mtu mbaya, na mikasi yake ilikuwa bado mfukoni mwa shati. Macho yake yalijaa hofu ya kweli. "Mnasikia? Anamtetea."

"Gichuru, hiyo ni hadithi!"

"Na wewe si ndio ulituambia aliyenyonywa hajui kama anadanganya?"

"Hiyo sheria si ya kweli! Hata si mimi niliyeitunga, ni yeye alinipa!"

Alitaka kuyarudisha maneno hayo kinywani yalipokuwa bado yanatoka. Umati ulirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kisha ukaja mbele. Yeye ndiye alimpa! Jiwe lilimpata Wacuka begani, akayumba, na mkono uliomdaka ulikuwa wa Aoko. Aoko alikuwa akilia hadi kamasi zinamtoka.

"Dada yangu, umeingiliwa," alisema, akimkumbatia kwa nguvu. "Si makosa yako. Mtemee mate upone. Tema, halafu uniambie Awino ako wapi. Tafadhali, tema!"

"Tema!" watu wakaitikia. "Asipotema naye ni mmoja wao!"

Wacuka alimtazama Mursal. Uso ulikuwa umevimba, na koti la kijivu limepasuka bega zima. Alikuwa akimtazama vilevile, na katika jicho moja lililobaki wazi Wacuka aliona subira ile ile ya Gikomba, ya mtu anayengoja mwenzake aelewe jambo jepesi.

"Maliza, dada," Mursal alisema. "Utakufa bure. Tema."

Kinywa cha Wacuka kilikuwa kikavu. Alilazimika kuyatafuta mate. Kisha akainama na kumtemea rafiki yake usoni, na umati ukashangilia, na wanawake wakamzoa juu juu wakimwombea kwa sauti, wakampeleka nyumbani. Aligeuka mara moja tu. Umati ulikuwa umeshajifunga, na hakumwona Mursal tena.

Awino alirudi jioni akiwa ameshikwa mkono na baba yake, anakula andazi. Baba huyo alikuwa amegombana na Aoko asubuhi, akamchukua mtoto kwenda kwa dada yake Makongeni bila kumwambia mtu. Walikuta vitabu vimetapakaa barabarani na hakuna aliyekuwa akiviokota. Mursal alikuwa amekata roho kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana.

Ungedhani watu wangemchukia Wacuka. Afadhali wangemchukia. Walimsalimu kwa heshima, wakampisha kwenye foleni ya maji. Aoko alimletea samaki, akaweka bakuli mezani, akaenda zake. Gichuru alifunga kibanda kwa muda, na alipofungua hakusoma tena kwa sauti. Mchapishaji alimwita ofisini akamwambia kitabu kinakwenda kama sukari, alete cha pili. Wacuka aliifunika taipureta kwa shuka na alfajiri ikawa kimya.

Kisha Fowsiya akatuma mtu kumwita, aje na kitabu.

Alikuwa amekaa eda, amevaa nguo nyeupe, ameketi mkekani. Koti lilikuwa limeshonwa bega na kutundikwa kwenye msumari. Wacuka alipiga magoti mlangoni na kuanza kuomba radhi, akalia kwa kwikwi kama mtoto.

"Sikukuita kwa hayo," Fowsiya alisema. "Mume wangu aliniahidi kunisomea, hakupata nafasi. Nisomee wewe."

Kwa hiyo kila jioni akitoka kazini alipita pale, akasoma sura moja. Fowsiya alisikiliza ametulia. Pale Bwana Kijivu alipokohoa na kugawa peremende, alicheka. "Ni yeye kabisa," alisema. "Ulimtazama vizuri." Wacuka angependelea kupigwa kofi.

Walipofika sura ya mwisho, Wacuka alisoma nusu, akafunga kitabu.

"Tuishie hapa, dada."

"Mursal aliniambia una tabia hiyo," Fowsiya alisema. "Mimi nataka mpaka mwisho."

Wacuka akafungua. Alisoma jinsi umati ulivyopiga kelele, jinsi mama muuza mboga alivyoinama, jinsi mate yalivyomshuka Bwana Kijivu shavuni.

"Halafu?" Fowsiya aliuliza.

"Halafu akapona."

"Nani?"

"Yule mama."

Nje watoto walikuwa wakiitwa ndani, mmoja mmoja kwa majina yao.

"Kimekwisha," Wacuka alisema.

"Hapo chini pana maandishi bado. Nayaona."

"Hayo si hadithi. Ni mambo ya mchapishaji tu."

"Yeye alikuwa akiyasoma," Fowsiya alisema. "Soma."

Wacuka akakisogeza kitabu kwenye taa, akasoma jina la mchapishaji, kisha sanduku la posta, kisha bei.