Spika Imefungwa

Tangu Majidi aanze kufunga muziki kwenye magari ya watu, kichwa chake kimebaki na maana moja tu ya neno kufunga. Hilo ndilo lililotuumbua siku ya posa yangu, na mpaka leo sijui nimpige au nimshukuru.

Mimi ni Najiat, fundi wa redio hapa Tabora mjini. Baba yangu, Mzee Abbasi, masikio yake yaliharibiwa na karakana ya reli alikofanya kazi ujana wake wote. Kuzungumza naye ni kupiga kelele, kwa hiyo siri zetu zote mtaa unazijua. Juzijuzi daktari alimwambia habari za kibofu chake na foleni nzima ikasikia. Baba alirudi nyumbani hasemi na mtu. Niliudhika sana, nikaamua kumtengenezea chombo. Wewe unaongea taratibu kwenye maiki, yeye anasikia kwenye hedifoni. Nikaweka na spika, ili jioni asikilize kisomo barazani na wazee wenzake.

Ndani ya chombo kuna chipu moja ya sauti yenye njia mbili za kutolea. Ya hedifoni ina nguvu ndogo, ya spika ina nguvu ya kusikika barazani. Chipu haijiamulii kitu. Lazima uiandikie kwa kompyuta ni njia ipi ifanye kazi wakati gani. Waya naunganisha mimi, kuandika anaandika Majidi, mwenzangu pale kibandani. Nikampigia simu nikamwambia kwa Kiswahili chepesi kabisa, "Hedifoni ikichomekwa, spika ifungwe."

Baadaye akanijibu, "Imefungwa, dada."

Chombo kilinifikia wageni wakivua viatu mlangoni. Sikupata hata nafasi ya kukijaribu. Baba alikwishavaa hedifoni kichwani, anacheka kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Wageni walikuwa wazee watatu kutoka Kwihara, wamekuja kuniposa kwa ajili ya Fikiri, kijana wa ukoo wao. Fikiri anafuga nyuki, na karibu kila Ijumaa alikuwa akimletea baba asali. Baba alimwita mwanangu, akamkalisha barazani pake, akala naye sinia moja. Nampenda Fikiri, na kwa jinsi nilivyoyaona hayo kwa macho yangu, sikuwa na wasiwasi wowote na posa ile. Nilikaa zangu uani na wanawake, maana anayeposwa haonekani, nikisikiliza nyuma ya pazia.

Mshenga wao, Mzee Ngollo, alisema maneno yake kwa adabu, akipaza sauti, maana maiki ilikuwa bado haijawashwa. Baba na mdogo wake, baba mdogo Mustafa, wakaomba ruhusa wakashauriane, wakaingia chumbani. Chombo kilibaki juu ya meza ya sebuleni kwa sababu kilikuwa kwenye umeme. Waya za maiki na hedifoni nilizifanya ndefu, wakazivuta chini ya mlango, wakaurudisha, kisha wakawasha maiki. Ule mlango ni wa mninga, ukishafungwa aliye ndani hajui ya nje.

Spika ikakohoa. Halafu ikasema kwa sauti ya baba mdogo Mustafa, wazi kama redio ya taarifa ya habari.

"Kaka, hawa ni watu wa Kwihara. Babu yao aliingia kule amefungwa mnyororo shingoni, nyuma ya msafara. Utampa Najiat mtoto wa mtumwa? Mjini watatuonaje?"

Nikaomba Mungu baba amkemee. Baba akajibu.

"Najua. Nilijua tangu zamani. Kijana wa asali ni mmoja, mkwe ni mwingine. Tuwaambie ameshaposwa kwingine, waondoke na heshima yao."

Hakuna mwanamke aliyenitazama pale uani. Sitaki mtu aseme nilishikwa na aibu. Ilikuwa hasira. Nikampigia Majidi.

"Nilikwambia ufunge spika."

"Nimeifunga, dada. Hedifoni ikiingia, na yenyewe inaingia kazini. Inapiga vizuri?"

"Kufunga, Majidi. Kufunga kama mlango."

"Mimi nilijua kufunga kama kwenye gari," akasema polepole, na mimi nikamkatia simu.

Shangazi Tunu alikuwa amenishika mkono tayari. Yeye ndiye mkubwa wa baba, na hakuna jambo la nyumba ile lisilopitia kwake.

"Nisikilize," akaninong'oneza. "Wewe ndiye fundi. Toka uwaambie chombo kimenasa mchezo wa redio. Wataamini, nani anayajua mambo ya waya? Baba yako niachie mimi, namlainisha, na posa itapita. Si unamtaka Fikiri?"

"Namtaka."

"Basi sema redio. Mficha uchi hazai, mwanangu, lakini na mwanika uchi haolewi."

Ningeweza. Sentensi moja tu, na Fikiri angekuwa wangu. Halafu kila Idi ningemtazama baba akimlisha mume wangu kwa mkono, huku moyoni anamwona amefungwa. Na Fikiri angekula, akashukuru, akamwita baba. Nikautoa mkono wangu mikononi mwa shangazi.

Mlango wa mninga ukafunguliwa. Baba akatoka na hedifoni yake kichwani, mwenye tabasamu, baba mdogo nyuma yake na maiki mkononi.

"Wazee wetu," baba akasema, "mmetuheshimu sana. Lakini bahati mbaya binti ameshaposwa kwingine."

Mzee Ngollo alikwisha kusimama, kofia mkononi.

"Babu yetu aliingia Kwihara amefungwa, ni kweli," akasema, bila kupandisha sauti. "Lakini hakujifunga mwenyewe. Mustafa, babu yenu ninyi alikuwa ameshika upande gani wa ule mnyororo?"

Baba mdogo aliitazama maiki, akaitazama spika, akaelewa. Baba hakusikia kitu, aliendelea kutabasamu na kuitikia kwa kichwa, maana maiki ilikuwa mbali na mdomo wa Mzee Ngollo. Sijawahi kuuchukia uso wa baba yangu ila siku ile.

Nikapita pazia. Nilimsikia shangazi akiniita nyuma. Niliwaamkia wazee wa Kwihara, nikamnyang'anya baba mdogo maiki.

"Baba," nikasema, na spika ikasema nami, "mliyoongea chumbani wote tumeyasikia. Mtoto wa mtumwa, tumesikia. Kijana wa asali ni mmoja, mkwe ni mwingine, tumesikia. Na mimi sijaposwa na mtu mwingine yeyote."

Tabasamu likamtoka. Akavua hedifoni akaitupa juu ya kochi, kama kwamba nisiposikiwa na yeye sijasema. Kwa hiyo nikageuza kitufe cha sauti ya spika mpaka mwisho, nikaielekeza usoni kwake. Vikombe vya kahawa vikatikisika mezani. Nje, watu walisimama barazani kwetu.

"Wali wangu wa ndoa ni wewe, baba. Namtaka Fikiri. Kama unakataa, kataa kwa sababu yako ya kweli, mbele ya hawa, mbele ya mtaa. Usinitafutie mchumba wa uongo."

"Funga hiyo spika, Najiat," baba akasema. Alisema taratibu, yeye ambaye siku zote hupiga kelele.

"Imefungwa, baba. Majidi ameifunga vizuri."

Nikamsogezea maiki mdomoni. Mzee Ngollo akaweka kofia yake juu ya meza, akaketi tena, na wenzake wakaketi, wakimsubiri baba aseme.