Si Ulisema Uki?

...na Mutindi leo hakuinuka, hilo ndilo lililomduwaza Nzioka, maana kila akiitwa kutoa ushuhuda mkewe huenda kuangalia chai, na leo chai imeshamiminwa, birika tupu kaipakata kama mtoto, na mzee Kilonzo wa maombi amekwisha sema, "Ndugu Nzioka, hebu tupatie ile ya uki, hawa wageni wa Kwa Vonza hawajaisikia," na wageni wanatabasamu kabla ya wakati, vikombe magotini... ile ya uki, eti mke kamtuma mume na chupa akalete uki wa kifua cha mtoto, na kwa Kikamba uki ni asali na uki ni pombe, mume akarudi siku ya pili na chupa ya pombe, "Si ulisema uki?", watu kwaa! Bwana asifiwe! miaka saba tangu aokoke anaisimulia, makanisa ya Tulia, ya Zombe, siku nyingine hata anapepesuka ili waone vizuri... na nani aliyecheka kwanza? si kanisa, ni walevi wenzake, kule kilabuni ndiko alikoitunga, chupa aliyotumwa nayo haijajazwa pombe bado... "Ndugu, tunangoja." "Mwacheni anoe ulimi!" akadakia mama mmoja, wakacheka... atasimama hivi, ataishika chupa hivi... lakini lango la Mutunga je, Mutunga mrina asali, aliyekuwa amechuchumaa siku ile akikamua masega, nyuki wakimzonga, akamwita, "Nzioka, lete hiyo chupa nikujazie, si mtoto bado anakohoa?" naye akajibu, mchana kweupe, hajaonja hata tone, "Nitapitia nikirudi"... hiyo haimo katika ushuhuda, wala hamo Mutindi na Kalondu mgongoni, kwa miguu hadi hospitali, mtoto akikoroma, wala Kalondu wa leo, msichana mzima, pale mlangoni, kabeba debe moja tu la maji na kifua kinapiga mluzi... neno lina maana mbili, sawa, lakini yeye alisikia moja, ile ya dawa, na akaiacha langoni... pombe kaacha, hilo ni kweli, Mungu shahidi, ila kicheko hiki, anavyokingoja, mate yanavyomjaa, anavyokipima chumba kwa jicho kama alivyokuwa akipima kibuyu kimebaki kiasi gani... na Mutindi anamtazama, wala hana hasira, ana uchovu tu, uchovu wa mtu anayeijua hadithi kumshinda msimulizi, na hapo, taratibu, kama mjinga, Nzioka akakumbuka kwamba njia ya hospitali inapita langoni kwa Mutunga, na Mutunga hangekosa kumwambia... Mutindi alijua... birika zote zile, miaka saba, alikuwa anakwenda jikoni kumsitiri nani?

"Bwana asifiwe," akasema.

"Asifiwe!" wakaitikia, wameshaanza kucheka, chai bado inafuka moshi, Mutindi bado kakaa, na ulimi wa Nzioka ukaliacha neno la Kikamba la mama yake, ukatafuta la Kiswahili, lile lisilo na pa kujificha: asali.