Herufi za Mtumba

Jumatatu asubuhi Mwalimu Domina alifagia darasa la chekechea kule Chanzuru, akatandika mikeka, ndipo akakumbuka kwamba chaki zilikwisha. Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha shamba la mkonge lililofungwa. Watoto wakaingia na fulana zao za mitumba, ambayo miaka hiyo ya soko huria ilikuwa imejaa tele Kilosa mjini. Kila fulana ilikuwa na maandishi ya kigeni, na hakuna aliyejua yanasema nini.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Haya, tuimbe irabu zetu."

Walipoimba "a", herufi a zote zikabanduka kwenye fulana, zikateremka mikekani, zikapanda ukutani na kutulia. Domina alifurahi, maana alishapanga kuandika kwa mkaa. Akachukua fimbo, akaendelea na somo. Hadi Ijumaa herufi nyingine nazo zilikuwa zimehamia ukutani na fulana zimebaki tupu. Akina mama walisema sasa zinafulika vizuri zaidi.

Aliyemtoa jasho ni Doto. Kwake b na d zilikuwa kitu kimoja. Domina akaziteremsha zote mbili, akamkabidhi. Zilikuwa na joto kama vifaranga.

Doto akazipapasa. "Hii ina tumbo mbele. Hii imebeba mtoto mgongoni."

"Basi iliyobeba mtoto ndiyo d, ya Doto."

Doto akakataa kuirudisha ukutani. Akanywa nayo uji.

Wiki iliyofuata akaja Bwana Nikolaus, mwenye biashara ya mitumba pale mjini. Alikuwa ameuziwa shamba pamoja na majengo yake, na alitaka pa kuweka marobota. Akautazama ukuta.

"Hizo zilikuja na mzigo wangu," alisema.

"Lakini watoto ndio kwanza wanaanza kuzijua, baba."

"Mwalimu, mimi sikununua shule."

Vibarua wake wakazibandua herufi, wakazitia kwenye kiroba. Ile ya Doto waliitoa mfukoni mwake. Waliacha q na x tu, kwa sababu hazina wateja.

Domina akatandika mikeka nje. Kulia alilia baadaye, jikoni kwake. Kesho yake watoto waliibembeleza q mpaka ikaachia mkia wake. Ikabaki o, na mkia ukasimama ukawa l. Nayo x ilikubali kukatwa kiunoni, zikatoka v mbili. Taratibu, kabla mahindi hayajakomaa, wakawa wamezipata herufi zote, ingawa nyingine zilichechemea.

Siku moja Doto alikwenda kwenye mlango wa chumba kile, uliokuwa umepakwa rangi mpya, akayafuata maandishi kwa kidole.

"Ma-ru-fu-ku ku-i-ngi-a."

Yalikuwa maneno ya kwanza kusomwa na mtoto wa darasa lile. Wenzake wakashangilia. Domina alipiga makofi kuliko wote, kisha akawaambia wasogeze mikeka, maana jua lilikuwa limeshawafikia.