Unga Usio na Mama

Kila asubuhi Theresia alipita kati ya mistari ya vanila na mwiba wa mlimau mkononi. Alichana ua moja, akaminya chavua kwa kidole gumba, akasogea kwenye ua la pili. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu. Ukilichelewesha hadi adhuhuri, hupati tunda.

Shamba lile la mlimani juu ya Morogoro lilikuwa la mama yake, na kwa Waluguru ardhi hufuata mama. Lakini Mjerumani mmoja alikuja akapiga vigingi kulitwaa, akabomoa jiko la marehemu, akamwambia Theresia, “Siku vanila ikiondoka, ardhi ni yenu.” Theresia aliamini. Wote wawili walikuwa wamebatizwa.

Mwaka ambao reli ilifika mjini, matunda ya vanila yalipokauka yalitoa harufu ya magimbi ya kuchoma na mafuta ya mbarika. Severini, nyapara, alinusa fungu moja.

“Dada, huyu si marehemu mama yako?”

“Ndiye.”

“Alizoea kuunguza magimbi upande mmoja.”

“Hakuwa na subira, maskini.”

Wakaendelea kufunga mafungu.

Bwana, yule Mjerumani, naye alinusa, akakasirika, maana wanunuzi wa Ulaya hawakuwa wameagiza magimbi. Akafungua kopo dogo lililokuja kwa meli. Ndani mlikuwa na unga mweupe uliotengenezwa kiwandani kwao, na chembe zake chache zilinukia kama kikapu kizima cha vanila.

“Unga huu una harufu ya vanila tu,” alisema. “Hauna mama.”

Akaamuru vanila yote ing’olewe. Theresia aling’oa kuliko wanaume, moyo wake mweupe kabisa. Siku ya mwisho alikuja na kikapu cha miche ya magimbi kichwani, akasimama mbele ya baraza.

“Shikamoo, Bwana. Vanila imeondoka.”

“Imeondoka,” alikubali Bwana, akatoa karatasi ya serikali iliyosema ardhi ni yake. Haikutaja vanila wala jiko. Jumatatu ingekuja miche ya mpira. “Yale yalikuwa maneno ya mdomo tu.”

“Mdomo wa nani, Bwana?”

Bwana alikunja karatasi yake. Theresia akarudi nyumbani na kikapu chake, akalia njia nzima bila kujificha.

Jumatatu aliajiriwa kumwagilia miche ya mpira. Mwezi haukuisha, harufu ya jiko la mama yake ikaanza kutoka ardhini kila adhuhuri, bila kukosa hata Jumapili. Vibarua wakaizoea; ikipanda, waliweka majembe chini wakale. Bwana mwenyewe alirekebisha saa yake kwa harufu hiyo.

Theresia alitoka pamoja na wenzake hadi nje ya vigingi, akala muhogo wa jana, wa baridi. Ndani ya shamba na kando yake ilikuwa marufuku kuwasha moto.