Gari la Kinyumenyume

Basil ndiye aliyesema lile gari limekufa, tena alisema mbele ya watu, kwa sauti ya mtu asiye na wa kumbishia. Na kweli, nani angembishia? Chiungutwa nzima dereva alikuwa mmoja. Aliendesha lori la tajiri wa korosho kati ya Masasi na Newala, alivaa kofia ya ukingo, na akipita, watoto waliacha mpira wao wa matambara wakalikimbilia vumbi lake. Kwa hiyo Bwana Shamba wa Kizungu alipoharibikiwa na gari lake la bodi ya mbao, aliitwa Basil. Basil akafungua boneti, akatikisa kichwa, akafunga.

"Injini imepasuka. Hii maiti," alisema.

Mzungu alihamishwa, gari likabaki chini ya mkorosho, na kuku wa Bibi Theodora wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Hapo ndipo Isaka alipoliomba, akapewa bure.

Isaka na Basil walikuwa wanyumba: Basil kamwoa Ethel, Isaka kamwoa Paulina mdogo wake Ethel. Wote wawili walihamia kwa wake zao, kama ilivyo huku kwetu, wakajenga kwenye uwanja wa mama mkwe wao, huyo Bibi Theodora. Sasa wewe kaa uwanja mmoja na mwanamume mwenzako, mnamheshimu mama mmoja, uone kama hutampima kila asubuhi akitoka kunawa uso. Lakini miaka yote Basil hakuwa na wasiwasi. Kila Krismasi Bibi Theodora alichinja jogoo, na firigisi, kipande cha mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote nyumbani, ilifunikwa kwenye kisahani ikapelekwa kwa Basil. Hakuna aliyesema neno. Firigisi ilitosha.

Na Isaka alikuwa nani hasa? Utingo wake Basil wa zamani, mtu wa kuweka magogo nyuma ya magurudumu lori likikwama mlimani. Hata spana alifundishwa kushika na huyo huyo Basil.

Mashamba makubwa ya karanga ya Nachingwea yalipokufa, vyuma vyake vilitapakaa porini. Isaka akaenda, akarudi na injini ya pampu ya maji juu ya mkokoteni. Basil alicheka mpaka akashika ukuta.

"Injini ya pampu! Haijawahi kuona barabara, utaifundisha wewe?"

"Tutajaribu, kaka," alijibu Isaka.

Siku ya kuijaribu aliiegemeza kwenye magogo uwanjani, akachomeka hendeli ya kuiwashia. Basil alisimama pembeni, mikono kifuani, akingoja kuchekelea. Isaka akazungusha. Na Basil akauona mkono ule. Ulikuwa unazungusha kushoto. Injini za magari yote aliyowahi kuyawasha zilizungushwa kulia. Akaelewa palepale: hii inazunguka kinyume, na ikifungwa kwenye gari lile, gia zote za kwenda mbele zitalipeleka nyuma. Neno lilimfika ulimini. Lakini injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma, na Bibi Theodora, mama ambaye hakuwahi kumpigia mtu vigelegele nje ya harusi, akapiga kigelegele kutoka jikoni. Wivu ukamwingia Basil, ukakaa, ukavua viatu kabisa. Lile neno akalimeza.

Isaka alihangaika na gari lake masika nzima. Alichonga mbao mpya, akatengeneza viti, akafunga injini kwa vyuma vya kuokoteza. Siku ya kulitoa, Chiungutwa nzima ilikuja. Akaingiza gia, akaachia mguu, na gari likarudi nyuma likaingia kwenye muhogo wa mama mkwe. Akaingiza gia ya pili, likarudi kwa kasi zaidi. Gia ile ya kurudi nyuma, ambayo sasa ndiyo ingelipeleka mbele, meno yake yalikwisha liwa tangu enzi za Mzungu. Kwa hiyo gari la Isaka lilikuwa na njia moja tu ya kwenda, nayo ni kinyumenyume.

Watu walicheka, na Basil akacheka kuliko wote. Alicheka raha ya miezi mingi.

Lakini raha hiyo haikudumu, maana Isaka hana aibu. Alijifunza kuendesha akiwa amejipinda, shingo imegeuka, anaangalia kupitia nyuma ya gari. Akaanza kupanda mlima wa Newala hivyo hivyo, kinyumenyume, na gunia za korosho na watu. Na watu walipenda! Walisema ni raha kupanda huku unaitazama Masasi yote chini, vilima vyake vikizidi kuwa vidogo. Watu wa Newala walitoka majumbani kulipokea. Basil akipita na lori lake, watoto waliangalia kwanza ni gari gani, wakaona ni lile la siku zote, wakaendelea na mpira wao.

Krismasi ile firigisi ilikwenda kwa Isaka. Basil alimwona Paulina akivuka uwanja na kisahani kilichofunikwa. Siku hiyo hakula. Alimwambia Ethel anaumwa tumbo, na si uongo, lilikuwa linamuuma.

Kitu kimoja tu kilimpa faraja. Bibi Theodora alikuwa na dada yake, Yuliana, huko Makote, juu Newala. Walikuwa wazee sasa. Yuliana macho yalikuwa yanazima, na miguu ya Theodora haikuweza tena ule mlima. Haja yake kubwa duniani ilikuwa kumwona dada yake kabla dada yake hajaacha kumwona yeye. Alikuwa na debe lake safi alilolitunza, ampelekee maji ya chini, kwa jinsi maji yalivyo tabu kule juu. Kila mwaka Basil alimwahidi kwa kupitia Ethel kwamba atamwomba tajiri ampakie kwenye lori. Hakuwahi kumwomba. Tajiri alikuwa mkali, na Basil hakupenda kuonekana anaomba.

Sasa gari lilikuwepo nyumbani, na bado mama hakuweza kupanda. Mkwe hatazamwi usoni, hilo linajulikana. Kukaa mbele, bega kwa bega na mkwewe, hakuwezekani. Akikaa nyuma, Isaka, kwa vile anaendesha amegeuka, angekuwa anamkodolea macho kutoka Chiungutwa mpaka Makote. Walijaribu kutundika kanga katikati. Isaka hakuona njia, wakaurudia muhogo. Bibi Theodora akashuka na debe lake, akaingia ndani.

Jioni hiyo Isaka alimfuata Basil.

"Kaka, wewe unayajua magari. Hakuna namna liende mbele?"

Basil alimtazama utingo wake wa zamani, amesimama mbele yake na mafuta mikononi, anaomba. Ilikuwa tamu.

"Hakuna," alisema. "Injini ndivyo ilivyozaliwa."

Kwenye ugali na Ethel ndipo ulimi ulipomponza. Wivu ulitaka wa kucheka naye.

"Mama Cyril, yule hajui kitu! Ile difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, anaifungua tu, anaipindua, juu inakuwa chini, anaifunga tena. Gari linakwenda mbele. Kazi ya siku moja!"

Ethel aliacha kumega. "Umemwambia?"

"Kwani mimi mwalimu wake?"

"Na mama?"

"Mama atangoja lori."

Ethel akakusanya vyombo, na Basil akaondoka kesho yake na lori kwenda Mtwara, akipiga mluzi.

Aliporudi, akiwa anateremka mlima wa Newala na gunia tupu nyuma, aliona gari la mbao linapanda. Ilimchukua muda kutambua kilichomshangaza. Alikuwa anatazamana na taa zake za mbele. Akasogeza lori pembeni, kwa sababu anayeteremka humpisha anayepanda.

"Kaka Basil!" Isaka alipaza sauti, uso mbele, meno yote nje. "Ahsante! Difu imekubali! Ila sasa halirudi nyuma hata hatua!"

Nyuma yake alikaa Bibi Theodora, kanga mpya kichwani, debe la maji kati ya miguu, macho kwenye kisogo cha Isaka. Alipofika usawa wa lori aligeuza uso upande wa pili kwa adabu, kama inavyompasa mama mkwe. Lakini mkono aliuinua, akampungia Basil, mpaka kona ikawaficha.

Nyumbani alimkuta Ethel amekwisha tandika mkeka. Kisahani kilikuwa katikati, kimefunikwa.

"Mama alichinja jogoo kabla hajaondoka," alisema Ethel. "Ameagiza hii ni yako."

"Krismasi bado."

"Najua."

Basil akafunua. Firigisi.

"Nilimwambia Isaka umenituma," alisema Ethel. "Kwamba ulikumbuka dawa usiku, ukaondoka mapema, ukaniachia maneno. Mama alilia. Alisema siku zote alijua mkwewe mkubwa ana moyo."

"Ungesema kweli."

"Kweli ipi, Baba Cyril? Nikamwambie mama yangu kwamba mume wangu alikuwa anamzuia asimwone dada yake?" Akashika birika, akammiminia maji mikononi. "Kula. Akirudi ataniuliza kama umeipenda."

Basil akaichukua, akaitia mdomoni. Ilikuwa imeiva vizuri, laini, chumvi yake ya kutosha. Akatafuna, akatafuna, na Ethel akabaki pale na birika mkononi, anamtazama usoni mpaka alipomeza.