Mwenye Kichuguu Haondoki

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga Lobule usiku kucha, na kulipopambazuka Mariam Poni hakungoja chai. Alifunga kitenge kiunoni, akachukua jembe fupi, beseni, fimbo mbili na blanketi kuukuu la jeshi aliloachiwa na marehemu mumewe, akashika njia ya msitu wa Kulumbe. Njia ilikuwa imejaa watu, na kila mtu kabeba vitu hivyo hivyo. Siku kama hiyo usimtafute mkulima Lobule, wala mwalimu, wala fundi baiskeli. Wote wamekwenda kukaa kwenye vichuguu vyao kungoja kumbikumbi waruke.

Kwa mtu wa mbali, kichuguu ni lundo la udongo. Kwa watu wa huko ni mali kama ng'ombe. Kina mwenyewe, kinarithiwa, na ukikutwa unavua kumbikumbi kwenye kichuguu cha mwenzako bila kualikwa, jina la mwizi utakwenda nalo kaburini, na watoto wako watabaki nalo. Msitu wa Kulumbe ni wa serikali, umehifadhiwa tangu enzi za Waingereza, hakuna kukata mti wala kujenga hata banda la kuku. Lakini vichuguu vilivyomo vina watu. Hata askari wa misitu walijua, nao walikuwa wakialikwa kula.

Cha Mariam kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kimesimama kando ya barabara pale msitu unapoanzia. Alipofika alikizunguka polepole, akiinama. Udongo mbichi, mwekundu, ulikuwa umesukumwa nje kama kwa vidole vidogo. Kichuguu kilikuwa kimefungua midomo. Jua likipanda vizuri, wataruka mchana.

"Leo iko siku," jirani yake Celestina alimpigia kelele kutoka kichuguu cha pili.

"Leo iko siku mbili," Mariam akajibu. "Greda pia inakuja."

Maana habari ilikuwa imefika tangu jana. Kampuni moja ilitaka kufyeka Kulumbe yote, ianzie kando ya barabara, ijenge yadi ya malori yanayokwenda Kongo na Sudani. Mtu wao wa mdomo aliitwa Obitre, mzaliwa wa Pajulu, siku hizi wa Arua mjini, viatu vyake havijui tope. Wakubwa wa serikali walikuwa wamemwambia: sehemu ya kando ya barabara mtaanza nayo, mradi wenyeji wanaoitumia wakubali.

Mwezi uliopita Mariam alikwenda Arua kumkabili. Aliyempeleka ni Annet, msichana wa chama cha kutetea misitu, mwenye pikipiki na sauti kubwa kuliko mwili wake. Kikao kilikuwa katika ukumbi wa hoteli, soda mezani. Annet alisema maneno mazuri kuhusu mvua na chemchemi. Obitre akamsikiliza kwa adabu, kisha akafungua mikono.

"Dada, hiyo msitu haina mtu. Sisi tumepita yote. Tumeona nyasi na vichuguu basi."

"Hivyo vichuguu ndiyo watu," Mariam akasema kutoka nyuma.

Ukumbi ukacheka. Obitre naye akacheka, lakini neno lile alilitia mfukoni. Wiki iliyofuata alikuwa Lobule, akiuliza kichuguu cha kando ya barabara ni cha nani. Na aliyemjibu alimweleza habari yote, pamoja na ugomvi wake.

Ugomvi huo ulikuwa wa zamani. Vita vilipowafukuza watu wakakimbilia Kongo, Lobule ilibaki tupu. Waliporudi, aliyewahi ndiye aliyeshika. Ukoo wa mume wa Mariam ulirudi mapema, ukakuta kichuguu kikubwa hakina mtu, ukakaa. Mwaka uliofuata akarudi mama mmoja na mtoto mkononi, akasema kichuguu kile ni cha baba yake. Hakuna aliyemsikiliza. Siku ya mvua akaenda na beseni lake alfajiri. Mama mkwe wa Mariam akamkuta, akampigia yowe la mwizi, na beseni la kumbikumbi likamwagwa mbele ya watu, likakanyagwa. Yule mtoto aliyeshika nguo ya mama yake ni Swaibu. Sasa ana mvi, na tangu siku hiyo hajawahi kumpa mtu wa nyumba ya Mariam mkono wa salamu.

Obitre alikwenda kwa Swaibu na maneno matamu. Akamwambia: sema kichuguu ni chako, kampuni itakutambua wewe, mbele ya kila mtu. Swaibu akakubali. Alikuwa amengoja neno hilo, kutambuliwa, tangu alipokuwa mtoto. Hakuuliza litatoka mdomo wa nani.

Mariam alichimba shimo lake mbele ya midomo, akasimamisha vijiti, akatandaza blanketi juu ili kumbikumbi wakitoka waangukie shimoni. Akaketi na kuanza kugonga ardhi kwa fimbo, tap-tap, tap-tap, kuwadanganya wale walio chini kwamba mvua inarudi. Msitu mzima ulikuwa ukigongwa hivyo.

Greda ilifika jua likiwa limepanda, juu ya lori refu lililotoka Arua. Obitre alishuka wa kwanza, akachagua pa kukanyaga. Nyuma yake akashuka Swaibu, kavaa kanzu safi kama mtu anayekwenda Idi. Dereva, Moris, mtu wa Vurra kule mpakani, aliiteremsha mashine ikinguruma mpaka fimbo zikanyamaza. Annet akafika na pikipiki yake, tope mpaka magotini.

"Mama Sule, habari ya asubuhi," Obitre alimsalimu Mariam.

"Mzuri. Kaa chini. Kumbikumbi hapana penda mtu wa kusimama."

"Mama, mimi sikuja kupigana. Yadi hii itasaidia hata mtoto yako. Sule si iko dereva wa lori?"

"Sule iko dereva. Akitaka kulala, alale Vurra na malori mingine. Hapa iko pa kula."

Watu wa vichuguu vya karibu wakacheka. Obitre akageuka.

"Mwenye kichuguu ameruhusu. Swaibu, sema, wasikie."

"Nimeruhusu," Swaibu akasema, kama mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni.

"Kichuguu iko ya Mama Sule," Celestina akadakia.

"Iko ya Swaibu," mwingine akasema upande wa pili, na mara sauti zikapanda, huyu ametaja babu huyu, yule ametaja vita. Obitre alikunja mikono, akatulia. Alikuwa amekuja kwa ajili ya hilo hasa. Wawili wakivutana ngozi, wa tatu anakula nyama.

Mariam aliliona hilo. Maneno yote aliyoyaandaa yalianza na "changu," na akajua akilitamka tu neno hilo, greda itapita katikati yao. Akamtazama Swaibu. Swaibu hakuwa anaitazama greda, wala Obitre, wala yeye. Alikuwa anatazama udongo mbichi kwenye midomo ya kichuguu, na vidole vyake vilikuwa vinachezacheza ubavuni, vinagonga, tap-tap, bila mwenyewe kujua.

Ilimuuma. Kile kichuguu kilikuwa mchuzi wa nyumba yake kiangazi chote. Alikuwa ameketi pale akiwa bibi harusi, akaketi pale akiwa mjane. Ukweli wa nani alikuwa wa kwanza ulikuwa umekwenda na wazee, na yeye hakuwahi kuufuata.

Akasimama.

"Njooni karibu," aliwaita. "Acheni mtoto mmoja mmoja pale kwenu, nyinyi wakubwa njooni. Sisemi mara mbili."

Wakaja, wakasimama mduara. Moris akazima mashine apate kusikia.

"Mimi ni Mariam Poni, mke wa marehemu Wahabu. Nyumba ya Wahabu haina mkubwa mwingine, ninasema mimi. Siku ile beseni la mama yake Swaibu lilimwagwa, mama yule hakuwa mwizi. Mwizi haji na mtoto. Alikuja kwa baba yake. Leo, mbele yenu, kichuguu hiki nimekirudisha kwa Swaibu."

Akaokota fimbo zake mbili, akazitia mikononi mwa Swaibu. Swaibu akazipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, kisha akabaki amezishika hivyo.

"Mama," Annet alinong'ona, kamshika mkono, "umempa Obitre kila kitu."

"Subiri kidogo, mwanangu."

Obitre alikuwa amefurahi mpaka meno ya nyuma. "Hapo mama umefanya kama mutu mukubwa. Mwenyewe ni mmoja, na mwenyewe amekubali. Moris, washa."

Greda ikanguruma. Hakuna mwingine aliyesogea. Wote walimtazama Swaibu, na taratibu, kama kivuli cha wingu kinavyopita shambani, uso wa Obitre ukabadilika.

Maana naye hakuzaliwa hotelini. Pajulu kuna vichuguu, na bibi yake alikuwa nacho. Alijua kwamba mtu akikabidhiwa kichuguu kilichofungua midomo, anaketi. Haondoki mpaka kimeruka, na beseni la kwanza linazunguka kwa majirani ndipo kinakuwa chake kweli. Na anayevunja kichuguu chenye mabawa ndani, hapewi tena kumbikumbi wa mtu, haalikwi, hata msibani anakaa peke yake. Alilijua hilo tangu utoto. Lakini mtu akinunua kumbikumbi kwa kikombe sokoni Arua miaka mingi, anasahau kutazama mbingu. Alikodi greda siku aliyoipata, na siku hiyo ilikuwa asubuhi ya mvua ya kwanza.

Swaibu alipandisha kanzu yake safi, akaketi kwenye tope.

"Moris," alisema, "zima."

"Swaibu, tumepatana," Obitre akasema.

"Tulipatana wakati mimi hapana na kichuguu. Sasa iko nayo."

"Kampuni ilikutambua."

"Kampuni ilinitambua ili nivunje. Huyu mama amenitambua ili nikae." Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imesimama. "Unataka kupita? Pita juu ya mimi. Halafu rudi Pajulu, uambie watu yenu umefanya nini na kichuguu yenye mabawa."

Moris hakungoja amri nyingine. Alizima mashine, akashuka, akaja kuchungulia chini ya blanketi.

"Mimi natoka Vurra," alisema. "Sisi hapana vunja kitu kama hii. Mtanipa hata kiganja?"

"Kaa chini kwanza," Celestina akamwambia.

Obitre alitembea na simu sikioni, huku na huko, viatu vyake sasa vikilijua tope. Aliporudi alisimama mbele ya Mariam.

"Mtakaa mpaka lini? Hawa wataruka leo, kesho hakuna kitu."

"Hawa wakimaliza, kuna wale wa usiku. Wale wakimaliza, kuna weusi wadogo wa msimu wa simsim. Wewe ulizunguka msitu yote, uliona vichuguu ngapi? Kila mwezi iko kimoja kimefungua mdomo, na kila kimoja iko na mutu. Lete greda siku unayotaka. Utatukuta tunakula."

Mchana walianza kutoka, kwanza wachache, wakitikisa mabawa, kisha kama moshi. Waliangukia shimoni wakirundikana. Swaibu alikuwa anafunika na kufunua, anapoteza nusu.

"Shimo umelielekeza kwenye upepo," Mariam akamwambia.

"Shimo ni lako, mama. Ulichimba wewe."

"Nilichimba kufuata blanketi. Wewe umelivuta blanketi."

"Sasa kichuguu iko ya nani?" Swaibu akauliza, na mduara wote ukacheka, na Mariam akacheka. Beseni la kwanza lilipojaa Swaibu alilibeba mwenyewe, akalipeleka kwa Mariam kabla ya mtu mwingine, na akampa mkono wa salamu.

Lori liliondoka na greda yake jioni. Lakini wiki haikuisha, wakaitwa wote kwenye ofisi ya serikali Koboko. Obitre alikuwepo, shati jipya. Ofisa alimgeukia Swaibu.

"Mzee, si wewe ulikubali?"

"Nilikubali. Sasa nimekataa."

"Huwezi kukataa baada ya kukubali."

"Nimekwisha kukataa. Uliza hii mutu ya Pajulu kwa nini, yeye anajua."

Ofisa akamgeukia Mariam, kidogo kwa hasira.

"Na wewe mama? Nimeambiwa huna kichuguu tena. Unasimama hapa kama nani?"

Mariam alivuta benchi lililokuwa ukutani, likalia sakafuni, akaliweka mbele kabisa ya meza, akaketi na kukunja kitenge chake magotini.

"Sisimami," alisema.

Swaibu akaja kuketi upande wake. Annet akaketi chini, mgongo kwenye mlango. Ofisa aligeuka dirishani kuwatafuta askari wake, akakuta hawezi kuwaona, kwa maana uwanja wote, mpaka barabarani, ulikuwa umejaa baiskeli za Lobule, na watu walikuwa bado wanaingia.