Mshika Pazia

Waridi la kwanza lilitoka kama kabichi. La pili likatoka kama kabichi iliyokanyagwa. Fundi wa maturubai aliligeuzageuza kwenye kiganja chake kipana, akalitupa chini ya meza lilikokuwa limelala lenzake, akachukua karatasi nyingine. Vidole vilivyozoea kushona maturubai ya malori havikujua kubembeleza karatasi laini.

"Hayo maua ni ya harusi au ya kupika?" kinyozi jirani yake alimuuliza, kichwa kikiwa mlangoni.

"Nenda kanyoe watu."

Alisema hivyo, lakini alicheka. Siku zile alikuwa mwepesi wa kucheka.

Binti yake alikuwa anaolewa. Alikuwa wake kwa damu tu, maana fundi alimwacha angali anatambaa, akamwacha mama yake pia, akafuata mambo ambayo leo hawezi kuyataja bila kuinamisha uso. Mama akaolewa kwingine. Mtoto akapata mtu wa kumwita baba, na mtu yule akalistahili jina. Asiyekuwepo na lake halipo, na fundi hakuwa na ubishi na waliosema hivyo.

Alichotaka ni picha moja. Hakutaka meza kuu wala kutajwa kwenye kipaza sauti, ila picha moja tu, amesimama karibu na mwanawe, aitundike mahali atakapoiona akiamka. Shemeji yake, mdogo wa mama wa bibi harusi, ndiye aliyemtafutia upenyo.

"Tengeneza pazia la kupigia picha, shemeji. Utakuwepo ukumbini kama fundi. Wakikaribia kumaliza, nitawaambia wapige moja na wewe. Lakini usifungue mdomo! Binti haijui sura yako, na siku hiyo si ya kumfunulia mambo."

"Sitafungua."

Akashona kitambaa cheupe chenye mikunjo, akakitundika kwenye fremu ya mabomba membamba, akayapanga maua yake sehemu ya juu. Uani kwake alikita vigingi vinne, akavuta kamba, na pazia likasimama wima bila kutikisika. Alilizunguka mara kadhaa, mikono nyuma, kama mwenye nyumba mpya.

Uzoefu wake ndio uliomponza. Maisha yake yote alikuwa amejenga mahema, na hema hushikwa na ardhi. Hakuwahi kuwaza kitu kinachosimama bila kuchomekwa popote. Siku ya harusi alifika na vigingi na nyundo, akakuta ukumbi mzima umetandazwa vigae vinavyong'aa. Alijaribu kuliegemeza pazia ukutani, likateleza. Akalisimamisha tena, likainama mbele kama mlevi anayesalimia.

"Fundi, watu hao wanaingia," mpiga picha alisema. "Pita huko nyuma ulishike, mzee wangu."

Bibi harusi akaingia. Alisimama mbele ya pazia, akaligusa ua moja.

"Jamani, pazuri! Shikamoo, fundi. Maua haya umeyatengeneza mwenyewe?"

"Marahaba. Mwenyewe."

"Mazuri mno."

Hayakuwa mazuri mno. Binti alikuwa na adabu. Si yeye aliyemfunza adabu ile. Fundi akaingia nyuma ya kitambaa, akakamata mabomba kwa mikono miwili.

"Wazazi wa bibi harusi!" mpiga picha akaita.

Miguu yake ilisogea kabla hajaiambia. Fremu ikamfuata, ukumbi mzima ukapiga yowe, akarudi haraka. Upande wa pili alisikia viatu vya mwanamume mwingine.

"Njoo huku, baba, karibu yangu. Usilie bwana, utaniliza na mimi wanja wote umwagike."

Wakapita mashangazi, wakapita wajomba, wakapita marafiki wa kazini. Mabega yake yaliwaka moto. Alivumilia, kwa kuwa zamu yake ilikuwa bado.

"Imebaki moja," hatimaye shemeji akasema, sauti yake ikijikaza. "Mwiteni fundi naye apige na nyinyi. Kajituma sana huyu."

"Mama mdogo nawe!" bibi harusi akacheka. "Fundi akitoka huko, si tutaangukiwa?"

Wote wakacheka. Kilikuwa kicheko cha furaha kisicho na ubaya hata chembe, na ndiyo maana kilimuuma mpaka mifupani. Alimngoja shemeji aseme neno. Akasikia viatu vyake vikirudi pembeni. Angesisitiza kwa sababu gani, mbele ya watu wote wale?

"Haya, wote kwa pamoja, ya mwisho! Fundi, umeshika?"

Angeweza kuachia. Mikono ilikuwa yake.

"Nimeshika."

Mwanga ukawaka, na kwa nukta moja vivuli vya vichwa vyao vikatua kwenye kitambaa mbele ya macho yake. Alikitafuta chenye shela. Kabla hajakiona, mwanga ulikuwa umezimika.

Muziki ukaanza, viti vikaburutwa, watu wakaenda kula. Fundi alibaki amesimama huku ameshika mabomba, kwani hakuna aliyemwambia aachie.